Kobalti Kwenye Mtungi wa Baba

Miaka yote niliyokuwa ng'ambo, kazi yangu ilikuwa kupoza vitu vidogo mpaka karibu na mwisho wa baridi, kisha kuvisikiliza.

Vitu hivyo vilikuwa fuwele, vijiwe vya kijani vidogo kama punje ya mtama, na ndani ya kila kijiwe kulikuwa na sumaku ndogo zisizohesabika. Swali letu lilikuwa rahisi kulitamka. Ukiondoa joto lote unaloweza kuliondoa, je, sumaku hizo zitatulia na kupangana, au zitaendelea kuhangaika? Kuziona haiwezekani. Kwa hivyo tulikuwa tunaviuliza viini vya atomu vyenyewe. Kiini nacho ni sumaku, ingawa dhaifu sana, na kikiwa karibu na sumaku nyingine huyumba kwa mwendo wake maalumu. Ukikirushia mawimbi ya redio yanayolingana na mwendo huo, kinaitikia, na namna kinavyoitikia inakueleza hali ya majirani zake. Penye joto sauti hiyo huzama kwenye kelele. Penye baridi inakuja juu.

Baridi yetu ilitoka kwenye gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika. Hakuna theluji ya mlima wowote inayoikaribia. Nilikuwa naingia maabara asubuhi, navua saa na pete kwa sababu ya sumaku kubwa iliyokuwa katikati ya chumba, nakaa siku nzima nikingoja jibu la kijiwe. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyoweza kumweleza mtu yeyote.

Niliporudi Machakos, chuo kilichoniajiri kilinipa wanafunzi wengi wenye hamu na chumba chenye meza za mbao na sinki lililoziba. Heliamu haikuwapo. Sumaku kubwa haikuwapo. Nilifundisha fizikia ya mwaka wa kwanza, nikasahihisha mitihani, nikawa nawaambia watu kwamba utafiti nitauendeleza hali ikiruhusu. Baada ya muda hata mimi niliacha kuuliza hali itaruhusu lini.

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa wazazi wangu, Mumbuni. Mama alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa bado anafanya kazi aliyoifanya tangu nikiwa mtoto: kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Mfugaji akiona ng'ombe wake anahangaika, anapiga kelele na kupanda wenzake, anampigia Baba simu, na Baba anafika na mtungi wake wa alumini. Ndani ya mtungi huo mna nitrojeni, baridi kiasi kwamba imekuwa kimiminika, na ndani ya nitrojeni mna mirija membamba yenye mbegu za fahali. Wafugaji wote kutoka Mwala mpaka Yatta walimwita Daktari. Alikuwa akiwaambia kila mara kwamba yeye si daktari, na wao walikuwa wakimjibu, “Sawa, Daktari.”

Jumamosi moja aliniomba nimwendeshe kwenda Muthetheni.

“Klachi ya hii gari imekuwa ngumu,” alisema. “Goti langu halitaki.”

Gari lilikuwa pikapu kuukuu aliyoijua kama mfuko wa shati lake, na klachi haikuwa na shida yoyote. Nilidhani anataka tu kuwa na mimi, kwa sababu tangu nirudi tulikuwa hatujapata nafasi ya kukaa.

Tulifika kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na boma nadhifu na ng'ombe wawili. Ng'ombe aliyetuitia alikuwa amefungwa kwenye zizi la mbao. Baba alimsalimia mama huyo kwa Kikamba, wakaulizana habari za mvua na za magoti, kisha akafungua mtungi. Moshi mweupe ukapanda na kumwagika pembeni. Akachukua kibanio, akatoa mrija mmoja, akautumbukiza kwenye chupa ya maji vuguvugu. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Kisha akaukausha, na ilipofika hatua ya kuukata ncha na kuuingiza kwenye bomba jembamba la chuma analopandishia, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Haikuwa mtetemo wa mtu aliyeshikwa na baridi. Kidole gumba kilikuwa kinasuguana na cha shahada, polepole, bila kukoma, kama mtu anayehesabu shanga. Ncha ya mrija iligonga ukingo wa chuma, ikateleza, ikagonga tena. Mbegu ikishatolewa kwenye baridi haingoji. Yule mama aligeuka akaanza kumpapasa ng'ombe wake shingoni, akiwa ametupa mgongo, na nikafahamu kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza kwake kugeuka.

Nilisogea, nikanyoosha mkono. Baba akaniangalia, kisha akanipa.

Nilikata ncha, nikauingiza mrija, nikavisha ala ya plastiki juu yake. Lilikuwa jambo la muda mfupi. Baba alivaa glavu yake ndefu, akafanya sehemu iliyobaki mwenyewe, na hapo mkono wake ulikuwa imara kabisa. Tukanawa, tukanywa chai, tukaondoka.

Tulipokaribia mjini Baba aliniuliza kuhusu ule mrija.

“Ulijifunza wapi?”

“Kazini, Baba. Kule nilikuwa nasuka waya wa shaba mwembamba kama nywele kuzunguka kijiwe, halafu nakiingiza ndani ya baridi kabla unyevu haujakigandia.”

“Kwa hivyo kazi yako ni kama yangu.”

“Inakaribiana.”

Alitazama nje kwa dirisha. “Mama yako hajajua,” akasema.

Mama alikuwa anajua. Alikuwa ameacha kumjazia kikombe mpaka juu, na alikuwa amenunua mashati yenye vifungo vikubwa akisema yalikuwa bei nafuu. Lakini kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na mimi nikajikuta katikati nikiwalinda wote wawili.

Tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikawa za Baba. Yeye alikuwa anazungumza na wafugaji, anamkagua ng'ombe, anachagua mbegu. Mimi nilikuwa mikono ya zile hatua ndogo. Njiani alianza kuniuliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza nilipokuwa ng'ambo, maana wakati ule simu zetu zilikuwa za kuulizana afya tu.

“Baridi yako na baridi yangu, ipi kali?”

Nilimweleza kwamba yangu ilikuwa kali zaidi. Ukiitia nitrojeni yake kwenye heliamu yangu, ingeganda kama mawe.

“Aiya!” Alishtuka, halafu nikamwona ameumia kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake si ndefu kuliko zote kijijini. Baada ya muda akauliza, “Na hii yangu haiwezi kukufaa hata kidogo?”

Nilikuwa na jibu tayari. Ile fizikia yangu ilihitaji heliamu na sumaku kubwa, na mambo yakaishia hapo. Nilifungua mdomo kulitoa jibu hilo, na nikakumbuka kobalti.

Kobalti ni chuma ambacho ni sumaku chenyewe. Atomu zake zimeshapangana, na ndani yake kila kiini kinakaa kwenye nguvu ya sumaku kubwa kuliko niliyokuwa nayo maabara kule ng'ambo. Huhitaji kununua sumaku. Imo mle ndani. Unahitaji unga laini wa kobalti, koili ya waya, mitambo ya redio ya kurusha na kupokea, na baridi ya kuisaidia sauti. Baridi ya nitrojeni ingetosha. Mwalimu wangu mmoja alikuwa ametaja jambo hilo darasani zamani, kama hadithi ya watu wa kale waliofanya kazi bila vifaa.

“Inaweza,” nilimwambia Baba. “Nadhani inaweza.”

“Basi,” akasema. Kila gari la nitrojeni lilipokuja kumjazia mtungi, alikuwa na masalio chini ambayo hayakuwa na kazi. “Hayo masalio ni yako.”

Nilianza kwa woga. Fundi wa maabara ya chuo, mwanamume mpole anayependa kuimba kwaya, alinisaidia kutafuta vipande vya mitambo. Vingine tulivipata kwa idara jirani, vingine nilivinunua kwenye duka la vifaa vya elektroniki Nairobi. Unga wa kobalti niliuagiza, ukafika kwenye kichupa kidogo, mweusi kama masizi. Nilisuka koili kwa waya wa shaba kuzunguka mrija wa kioo, nikauzamisha kwenye thamosi ya nitrojeni, nikarusha mawimbi, nikangoja.

Sikupata kitu. Skrini ilionyesha kelele tu, nyasi zinazochezacheza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilibadilisha masafa kidogo kidogo. Nyasi zilezile. Hali iliendelea hivyo muhula mzima. Wakati mwingine niliona kitu kama kilima, kisha nikagundua ni mtambo wenyewe unalia baada ya kupigwa na mawimbi. Mwenzangu mmoja wa idara, alipokuwa anapita mlangoni, aliniuliza kwa upole kwa nini nisiandike tu makala za hesabu ambazo hazihitaji vifaa. Hakuwa na nia mbaya. Nilikaa nikifikiria ushauri wake siku nyingi.

Tatizo nililipata siku nilipokuwa nalia kidogo, nimeinamia mtambo, nikavuta waya kwa hasira. Ukatoka. Lehemu iliyokuwa imeunganisha koili na waya mkuu ilikuwa inapasuka kila inapopoa, na ikipata joto inagusana tena, ndiyo maana kila nilipoikagua nje ya thamosi ilikuwa nzima. Niliifunga upya, safari hii nikiuacha waya ujikunje kidogo ili upate nafasi ya kusinyaa.

Nilipanga kujaribu Jumamosi iliyofuata. Nilimwalika Baba. Alikuwa hajawahi kuingia chuoni. Alivaa koti lake la kanisani, Mama akamfungia vifungo, tukapakia mtungi kwenye pikapu. Nitrojeni iliyobaki ilikuwa kidogo, tukichelewa isingetosha jaribio; gari la kujaza lilikuwa limechelewa.

Kabla hatujatoka getini simu ikalia. Alikuwa yule mama wa Muthetheni. Ng'ombe wake wa pili, ambaye alikuwa hajashika mimba kwa muda mrefu, alikuwa ameanza kuita fahali usiku.

Baba alifunika simu kwa kiganja. “Unasemaje?”

“Ng'ombe hangoji, Baba.”

“Na kobalti?”

“Kobalti iko pale tangu dunia iumbwe.”

Akacheka, akamwambia yule mama tunakuja.

Tulipofika, mama huyo alikuwa ametandika kitambaa kwenye meza ya nje na kufunika sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage. Tulifanya kazi kama kawaida. Mimi mrija, Baba glavu. Alipomaliza kunawa, hakukaa. Alisimama mbele ya yule mama, koti lake la kanisani likiwa na doa la matope mkononi.

“Mama, nataka kukwambia kitu,” alisema. “Siku nyingine usinipigie mimi. Kuna msichana amesomea hii kazi, anakaa Kithimani, anafanya vizuri sana. Nitakupatia namba yake.”

“Kwani nimekukosea, Daktari?”

“Hapana. Mikono imekataa.”

Aliuinua mkono wa kulia ili auone. Ulikuwa unatetemeka, na safari hii hakuuficha mfukoni wala chini ya mkono mwingine. Nilikuwa nimemwendesha miezi yote hiyo, nimekata mirija yote hiyo, na hatukuwahi kulitamka jambo hilo kati yetu.

Yule mama hakugeuka. Aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

“Hii mikono ndio ilinisomeshea watoto,” akasema. “Kila ng'ombe alisimama hapa ametoka kwa hii mikono. Itakataaje? Imechoka tu.”

“Imechoka,” Baba akakubali.

“Basi wacha ipumzike. Lakini wewe utakuja. Huyo msichana atakuja kwa ng'ombe, wewe utakuja kwa chakula. Ama chakula nacho utaniletea msichana?”

Baba alicheka mpaka akalazimika kukaa. Nilikwenda kando, nikajifanya nafunga mtungi vizuri, kwa sababu macho yangu hayakuwa sawa. Kisha tulikula muthokoi, na mama huyo alimpa Baba kijiko bila kumuuliza, akampa na bakuli lenye kuta ndefu, chakula kisimwagike.

Tukirudi, alisema, “Sasa nimeshasema. Haikuwa ngumu vile.” Baadaye kidogo akasema, “Ilikuwa ngumu.”

Jioni hiyo alimwambia Mama. Mama aliendelea kuchambua mbaazi, akamwambia wataenda kliniki wiki hiyo hiyo, alikuwa ameshauliza daktari mzuri ni yupi.

Gari la nitrojeni lilikuja Jumanne. Baba aliniambia nichukue mtungi wote, maana mbegu zilizobaki alikuwa amezikabidhi kwa yule mpandishaji wa Kithimani. Mchana huo nikamchukua tukaenda chuoni. Fundi wa maabara alimpa kiti chenye mgongo, akakiweka mahali ambapo angeona skrini. Nilimimina nitrojeni kwenye thamosi. Ikatokota, ikapiga kelele, kisha ikatulia. Nilishusha mrija wa kobalti polepole.

Njia yetu ni hii: unakipiga kiini pigo moja fupi la redio, unangoja kidogo, unakipiga la pili, halafu unanyamaza. Kama kipo, baada ya kimya cha urefu uleule, kitarudisha mwangwi. Nilianza kutafuta masafa. Nyasi. Nikasogeza. Nyasi. Fundi alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, sehemu ya besi peke yake, bila kujua kwamba anaimba. Nikasogeza tena, na mahali pale hasa ambapo mwangwi ulitakiwa kuwa, nyasi zikainuka.

Nilirefusha kimya kati ya mapigo mawili. Kilima kikasogea mbali, umbali uleule uliotakiwa. Nikafupisha kimya, kilima kikarudi. Mtambo unaolia peke yake haufanyi hivyo. Fundi aliacha kuimba.

“Ndiyo hiyo?” Baba aliuliza.

“Ndiyo.”

Aliinama mbele akakitazama kwa muda mrefu. “Ni kadogo.”

“Ni kadogo, Baba.”

“Na hako ndiko kanazungumza kutoka ndani ya chuma?”

“Ndiko.”

Nilimweleza kwamba tukiitoa kobalti kwenye baridi, kilima kitadidimia, kwa sababu joto si kitu kingine ila atomu kutikisika, na mtikisiko huo unafunika sauti. Tuliitoa tukaona. Kilima kikapungua mpaka ikawa vigumu kukitofautisha na kelele. Tukairudisha, tukangoja, kikainuka tena.

Baba alitazama mkono wake uliokuwa juu ya goti. “Basi nitieni mimi pia kwa huo mtungi,” akasema.

Fundi hakujua kama acheke. Baba alianza yeye, nasi tukamfuata, na mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kuna nini.

Tuliyoyapata siku hiyo hayakuwa mapya. Watu walishayajua kabla mimi sijazaliwa, na mahali nilipokuwa nikisomea yangekuwa zoezi la wanafunzi. Sikuyaandikia makala. Lakini wanafunzi wangu wa mwaka wa nne sasa wanapima kobalti, na aloi zake tunazoziagiza, na wanaweza kuona jinsi kilima kinavyogawanyika chuma kingine kinapochanganywa ndani yake. Mmoja amekubaliwa kwenda kusoma ng'ambo, kwenye maabara yenye heliamu. Aliponiambia, nilimfurahia kweli, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba kile kidonda nilichorudi nacho hakikuwa kinauma kama zamani.

Mara ya kwanza Baba alipokwenda kliniki alirudi na dawa na mazoezi ya kufanya. Asubuhi, dawa ikishaingia, mikono yake hutulia, na huo ndio wakati anaopenda kunyoa ndevu mwenyewe. Mchana mambo huwa magumu zaidi. Kuna siku hukasirika na vifungo, na kuna siku mguu hugoma mlangoni kama umeshikwa na gundi, na Mama husimama mbele yake akahesabu “moja, mbili” mpaka unatoka. Baba bado huenda Muthetheni, mimi nikiendesha, na kila mara tunarudi na maziwa ya bure ambayo hatujui tuyafanye nini.

Jioni nikifika humkuta amekaa barazani. Huniuliza tumepata nini leo, na mimi humweleza, hata kama ni jambo dogo. Husikiliza mpaka mwisho. Jana nilimwambia stima ilipotea tangu asubuhi na hatukupima chochote. Akaniuliza kama nimekula.